Lugha Yetu Haina Upande wa Vifungo

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Lugha,

Salamu nyingi na heshima zote unazostahili. Naanza na "Ndugu" si kwa kupenda bali kwa kukosa njia. Ukurasa wako nausoma kila unapotoka, naukata kwa mkasi wangu mzuri na kuubandika ukutani juu ya cherehani, lakini hadi leo sijui kama wewe ni bwana au bibi. Umeshatueleza habari za mgongo wako unaokusumbua, mwanao anayetafuna kalamu, na shemeji yako aliyekuja kukutembelea akasahau kuondoka. Nimesoma yote kwa makini na sikuambulia kitu. Ungeteleza hata mara moja ukaandika kwamba umeoa au umeolewa, ningekukamata hapo hapo.

Mimi ni fundi wa kushona nguo, mtaani wananiita Fundi Pindo. Nakuomba unisikilize kwa sababu lugha yetu imenivurugia nyumba. Binti yangu haongei na mimi. Akipiga simu, anapiga kwenye simu ya mama yake, na mimi nakaa pembeni nikijifanya natafuta sindano ili angalau niisikie sauti yake. Ndiye mtoto wetu wa pekee, anaishi na mumewe mji mwingine, ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Sitaki mjukuu wangu azaliwe akute babu yake amenuniwa. Binti yangu pia ni msomaji wako. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: uichape barua hii, na chini yake uandike wewe mwenyewe, kwa mamlaka uliyonayo, kwamba kosa si la Fundi Pindo. Kosa ni la neno "yeye".

Kisa kwanza, malalamiko yatafuata kwa namba.

Binti yangu anafanya kazi ofisi ya maji. Siku moja alinipigia simu akiwa na furaha tele. "Baba," akasema, "bosi wetu anastaafu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nataka umshonee koti ambalo hatalisahau." Nikamwambia anieleze mtu mwenyewe alivyo, maana vipimo peke yake havivai koti. Akasema, "Ni mrefu, ana mabega mapana, akitembea sakafu inajua. Hapendi mchezo kabisa. Akikohoa tu, ofisi nzima inakaa sawa."

Sasa Ndugu Mhariri, sema kwa haki, wewe ungemwona nani? Mimi nilimwona mzee mwenye ndevu. Vipimo vilipofika nikakuta kifua kipana na kiuno chembamba, nikasema kumbe mzee mwenyewe ananyanyua vyuma. Mke wangu, ambaye hukaa kwenye cherehani ya pili na ndiye anayeshona matundu ya vifungo, aliniuliza, "Vifungo upande gani?" Nikacheka. Koti la mwanamume vifungo hukaa kulia kwa mvaaji, la mwanamke hukaa kushoto, na hilo fundi hujifunza kabla hajaruhusiwa kugusa pasi. Nikamjibu, "Upande wa bosi." Nikaviweka kulia. Kisha kwa mapenzi yangu mwenyewe, ndani kwenye bitana, pale moyo unapokaa, nikadarizi kwa uzi wa dhahabu: BABA WA MAJI.

Siku ya sherehe nilisafiri nalo mwenyewe, nimelibeba mikononi kama mgonjwa. Ukumbi ulikuwa wa hapo hapo ofisini, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, spika inapiga mluzi. Binti yangu alikuwa huko nyuma anahangaika na wapishi. Mlangoni nikapokelewa na mama mmoja mrefu, mtulivu. Nikampa mkoba wangu anishikie. Nikamwomba maji ya kunywa, akaniletea. Nikatoa na futi yangu ya kupimia, nikamning'inizia shingoni, nikamwambia, "Mama, simama hapa na hivi vitu, mimi namsubiri yeye, bosi." Akaniangalia, akasema, "Yeye amefika, baba." Nikamuuliza, "Amefika saa ngapi?" Akasema, "Zamani. Kabla yako." Nikazungusha macho ukumbi mzima nikitafuta ndevu.

Mara mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema sasa tumkaribishe bosi wetu mbele. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Na yule mama akapita katikati yao, mkoba wangu begani, futi yangu shingoni.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaeleza yote. Alilivaa koti, likamkaa sawasawa, maana vipimo havikuwa na kosa. Akalifungua, akaiona bitana, akasoma kwa sauti kupitia kipaza sauti. Ukumbi ulivunjika mbavu. Kuna mpishi alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Binti yangu peke yake hakucheka. Aliponisindikiza kituoni alitembea hatua tatu mbele yangu njia nzima, na mlangoni mwa basi akaniambia neno moja tu: "Baba, hukuuliza." Tangu hapo simu ni za mama yake.

Hukuuliza! Ningeuliza nini, wakati lugha yenyewe haikunipa dalili kwamba kuna cha kuuliza? Haya sasa malalamiko yangu.

1. Neno "yeye" halina upande wa vifungo. Limeshonwa mbele na nyuma sawa, linavaliwa na yeyote, linafuliwa na kukauka bila kujulikana la nani. Kwa lugha ya ufundi, hilo si vazi, hilo ni shuka.

2. Lugha hii si kwamba haijui kubagua. Inajua sana, ila inabagua mambo yasiyonisaidia. Nikisema "kimepotea", mke wangu anajua natafuta kitu kama kitambaa. Nikisema "umepotea", anaangalia kama ni mkasi. Nikisema "limepotea", ni koti la mteja na tumekwisha. Hata tundu la kifungo limepewa heshima yake. Lakini kiumbe chochote chenye pumzi, awe waziri, awe nzi, ni "amepotea" tu. Juzi juzi mpiga pasi wangu alitoka chumba cha ndani mbio, akaniambia, "Fundi, amelala juu ya gauni la bibi harusi na hataki kutoka!" Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, na ni mtu wa kujinyoosha mchana. Nikavua kofia, nikaingia kwa adabu, nikapiga magoti nikaanza kumbembeleza kwa maneno matamu. Alikuwa paka.

3. Lugha inaweza kusema ikitaka. Inajua kuoa na kuolewa. Inajua mjomba na shangazi. Inajua hata wifi, neno ambalo limevunja urafiki mwingi kuliko vita. Basi kwa nini kwenye "yeye" inajitia hamnazo? Hapa mtaani tuna jirani mmoja, mpiga picha, ambaye miaka yote hii hatujui tumwite kaka au dada. Nywele hazisemi, sauti haisemi, na mwenyewe hasemi. Akija dukani huniambia, "Fundi, nishonee kitu cha zipu," ndiyo maana tunamwita Zipu. Ni mteja mwema, hana maneno na mtu. Nikaona nimtegee mtego wa sarufi. Nikamuuliza kwa ujanja, "Jirani, hivi wewe umeoa au umeolewa?" Akanijibu, "Bado."

4. Lalamiko la nne nimelifuta kwa ombi la mke wangu. Lilimhusu mama yake.

5. Nimesikiliza redioni kipindi kuhusu lugha za duniani, nikapigwa na butwaa. Kumbe wapo wenzetu waliojaliwa viwakilishi viwili, kimoja cha mwanamume na kimoja cha mwanamke, safi kabisa, vifungo kulia na vifungo kushoto. Na unajua wanafanya nini navyo? Wanalalamika! Wanasema viwili haviwatoshi, kuna watu haviwakai, vinawabana kwapani. Wengine wameamua kumwita mtu mmoja "wao", kama vile amekuja na ukoo mzima. Nchi moja ya baridi wamebuni neno jipya kabisa na kuliingiza kwenye kamusi. Kwingine ndiyo wamezidi, hata vifaa vya kazi wamevipa jinsia: sindano ni ya kike, uzi ni wa kiume. Na zipo nchi mbili zinazopakana ambazo upande mmoja mkasi ni mwanaume, ukivuka mpaka ni mwanamke. Nilimtazama mkasi wangu siku nzima nisijue nimshike vipi.

Kwa hiyo napendekeza biashara. Wao wana viwili na wanatafuta kimoja kisichobagua. Sisi tunacho kimoja kisichobagua na mimi nahitaji viwili. Tubadilishane. Tuwapelekee "yeye", halijachakaa hata kidogo, nao watuletee viwili vyao kwenye marobota. Sijali kama ni mtumba. Nitavifua, nitavipiga pasi, nitavipunguza viendane na umbo letu.

6. Nilimwandikia yule bosi mstaafu kwa unyenyekevu anirudishie koti nihamishe vifungo na kufumua bitana. Amekataa! Amejibu kwamba anavifunga hivyo hivyo bila shida, kwamba limemkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kuvaa, na kwamba maandishi ya ndani huwasomea wageni. Sasa huyu, Ndugu Mhariri, ananiharibia ushahidi. Nitasemaje nimeumizwa na lugha wakati aliyevishwa kosa analifurahia? Naomba sehemu hii uichape kwa herufi ndogo.

Wakati nangoja hayo marobota, mimi si mtu wa kulalamika nikakunja mikono. Nimetengeneza viwakilishi vyangu na kuvifanyia majaribio karakanani. Mwanamke nimempa "yeke", mwanamume nimempa "yeme". Na kwa kuwa "a" ya mwanzo wa kitenzi nayo ni kificho, mwanamke nimempa "ke" na mwanamume "me". Hivyo basi "yeke kenakuja", "yeme menakuja". Rahisi, nadhifu, mtoto wa chekechea anaelewa. Nikatangaza kwamba ndani ya karakana hii, kuanzia asubuhi hiyo, hakuna "yeye".

Tulianza vizuri. Tatizo likaja mpiga pasi alipokaa mlangoni na machungwa yake. Badala ya "amemenya", sheria ilitaka nimweleze mke wangu kwamba yeme mememenya. Mpiga pasi alipomeza mbegu, mememeza. Mke wangu alipomkemea kwa kudondosha maji ya machungwa kwenye hariri, kemekemea. Baada ya muda jirani wa nyuma akaja kulalamika kwamba tumeanza kufuga mbuzi bila kumwarifu. Mama mkwe naye akatokeza, nikamwambia mke wangu kwa heshima, "Mwambie mama keketi." Mama mkwe akauliza keketi ni ugonjwa wa nani.

Ndipo akaingia Zipu. Mpiga pasi alikuwa na sentensi mdomoni, "Fundi, mteja wako..." akakwama hapo, pasi mkononi, moshi ukaanza kupanda. Nikamtazama mke wangu, mke wangu akanitazama. Zipu akauliza kulikoni, nikamweleza mpango wangu wote tangu mwanzo, ke na me, kulia na kushoto, na nikamwomba achague upande ili mpiga pasi aweze kumaliza sentensi na suruali ya watu isiungue. Zipu akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, akasema, "Fundi, mimi ni yeye tu. Nimelizoea, halinibani." Kisha akachukua nguo yake, akafunga zipu, akaaga kila mtu.

Suruali iliungua. Lakini sikukata tamaa. Kwa ajili ya Zipu nikatenga neno la tatu, la dharura, litumike pale tu ambapo mtu hajulikani au hapendi kukatwa upande. Neno lenyewe, baada ya kufikiri sana, nimeliita "yeye". Kisha mke wangu akasema na mteja anayepiga simu bila kuonekana naye ni dharura. Nikakubali. Na mtoto ambaye hajazaliwa. Nikakubali. Na daktari tusiyemjua, na dereva wa lori lililotumwagia matope, na mwizi, na malaika, na Mhariri. Nikakubali yote. Kwa sasa neno la dharura ndilo linalotumika kutwa nzima, na "yeke" na "yeme" yamebaki kwa ajili ya mpiga pasi akila machungwa. Hata hivyo naamini msingi wa mpango ni imara.

Kwa kuhitimisha, naomba mambo yafuatayo: lugha ikiri kosa, wataalamu wakutane na kuipa upande wa vifungo, na wewe umwambie binti yangu, kwa maandishi, kwamba baba yake hakuwa na sababu ya kuuliza. Nami kama shukrani nimekushonea shati la bluu, vipimo nimekisia kutokana na mgongo unaokuuma. Bado halina vifungo. Nijulishe upande.

Kusema kweli, Ndugu Mhariri, nyumba imepoa. Binti yangu alikuwa akinipigia kila jioni kuniuliza leo nimeshona nini, hata kama ni pindo la pazia, na nilikuwa nikimweleza mpaka mama yake analala. Siku hizi namweleza mpiga pasi, na yeye alikuwepo nikishona.

Nisalimie wote hapo gazetini, wachapaji, wasahihishaji, mlinzi wa getini, anayewapikia chai, na shemeji yako kama bado yupo. Mke wangu anawasalimu. Mama mkwe anawasalimu ila anasema hajakaa.

Wako mwenye uchungu na chaki sikioni,

Fundi Pindo

Nyongeza: Ndugu Mhariri, barua hii usiichape. Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, simu ikalia. Simu yangu, si ya mke wangu! Nikaona jina la binti yangu, na kwa haraka nikaibonyeza kwa pua, bahasha bado mikononi. Akasema, "Baba, amefika." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na anayecheka. "Amefika, na ni mzima. Ana mabega yako, baba. Hapendi mchezo kabisa. Akilia tu, wodi nzima inakaa sawa." Nikalia, sioni aibu kukwambia. Nikamwambia nisamehe mama, akasema nyamaza baba, mimi nilitaka usikie wa kwanza. Nikauliza wewe mzima, akasema mzima. Nikauliza amelala au yuko macho, akasema ananiangalia. Nikauliza amefanana na nani mwingine, akasema na wewe tu, hata huo mnuno ni wako. Tukaongea mpaka salio likatukata.

Nikatoka mtaani mbio, futi inapepea shingoni, nikimwambia kila niliyekutana naye kwamba amefika, yeye, mwenye mabega yangu! Nikamkumbatia jirani wa mbuzi. Nikamkumbatia Zipu. Niliporudi karakanani nimeloa jasho, mke wangu alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha mteja, akaniuliza, "Wa kike au wa kiume?"

Sikuuliza.

Nilikaa nikafikiri. Nilijua kila kitu nilichotaka kujua juu ya mtu huyu, na hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Mke wangu anasema nipige tena. Nitapiga, nitauliza vizuri, safari hii nimejifunza. Lakini nimeshakata kitambaa, kile laini cha njano nilichokuwa nimekificha, na sitaki kusimama katikati ya kazi. Shati lako nimelitia zipu. Na hiki kikoti kidogo hakina vifungo; nimekiwekea kamba mbili, zinafungwa mgongoni, katikati.